Mshipa Unaoonekana Kwenye Eksirei

Mjomba aliteleza kwenye ubao wa kushukia boti, mwaloni Kirumba, Mwanza, asubuhi ya kushusha dagaa. Kifundo cha mguu kikavimba palepale. Nilipofika kituo cha afya walikomkimbiza, alikuwa ameshapigwa picha, na kijana wa eksirei alikuwa ameinyanyua filamu kuelekea dirishani ili wote tuone.

"Mfupa uko salama, mzee. Hakuna ufa hata mmoja."

Mjomba akashusha pumzi, akasogeza miwani. Kisha kidole chake kikashuka taratibu nyuma ya mfupa wa muundi, kikasimama. "Na hii je?"

Palikuwa na mistari miwili myembamba, myeupe, inayokwenda sambamba, ikijipinda kidogo kuzunguka kifundo na kupotelea upande wa ndani wa kisigino.

"Huo ni mshipa wa damu."

"Mshipa?" Mjomba aliutazama mguu wake, akarudi kwenye filamu. "Tangu lini mshipa ukaonekana kwenye eksirei?"

Kijana aliuliza kama mzee ana sukari. Anayo, ya miaka mingi. "Basi ndiyo hiyo. Umeingia chokaa. Daktari atakueleza vizuri."

Daktari alieleza kwa kifupi na kwa upole, akasisitiza habari za kuangalia nyayo na kutotembea peku, tukaondoka na bandeji na dawa ya maumivu. Mguu ulipona. Ile mistari miwili ndiyo iliyonigandia kichwani kwa wiki kadhaa, mpaka nikaanza kusoma usiku watu wakiwa wamelala.

## Kesi ya ukoo

Eksirei hupenya nyama, damu na mafuta kwa urahisi. Inachogonga na kuacha weupe ni mfupa, kwa sababu mfupa umejaa kalsiamu na fosfeti. Mshipa ukionyesha weupe wa namna ile, maana yake umebeba madini yaleyale, tena kwa wingi wa kutosha kuonekana kwa macho.

Kwenye grupu la ukoo hukumu ilitoka kabla jua halijazama. Mama mdogo alisema ni mafuta, mzee apunguze vya kukaanga. Binamu yangu wa Dar akatuma video ya fundi anazibua bomba la sinki, linatoka tope jeusi la mafuta, chini akaandika: ndivyo mishipa yetu ilivyo. Dada yetu wa Misungwi akaja na shtaka zito zaidi: dagaa. Dagaa analiwa mzima na miiba yake, miiba ina kalsiamu, kalsiamu ndiyo hiyo kwenye picha. Mzee aache dagaa.

Fikiria mtu aliyesomesha watoto wote kwa dagaa, aliyezoea kupanga maisha yake kwa mwezi, kwamba giza likiingia wavuvi wanatoka na mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, leo anaambiwa dagaa hao hao wamemgeuza jiwe.

Mimi nilikwama kwenye kitu kidogo. Mjomba ni mwembamba. Chakula chake ni ugali, dagaa, matembele, na michembe msimu wake. Zaidi ya hapo, picha yenyewe ilikataa video ya binamu. Uchafu ukituama ndani ya bomba ungeona mstari mmoja mnene katikati. Hii ilikuwa miwili, na kati yake giza. Lile giza ndiko damu inakopita. Kilichokuwa cheupe ni kuta zenyewe.

Baadaye nilikuta kwamba jambo hili lina jina la mtu. Mwaka 1903 daktari wa Ujerumani, Johann Georg Mönckeberg, alieleza ugumu wa ateri (mishipa inayotoa damu moyoni kwenda mwilini) unaokaa kwenye tabaka la kati la ukuta, tofauti na ule wa vivimbe vya mafuta vinavyoota kwenye tabaka la ndani. Watu wa sukari ya muda mrefu na watu wa figo ndio wanaoongoza kuwa nao, na miguuni ndiko unakopenda kujionyesha. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na wengi wanayo. Kwa hiyo binamu hakukosea kabisa: mafuta yana kesi yao. Ila hii ya kifundo cha mjomba ilikuwa kesi nyingine, na mtuhumiwa alikuwa ndani ya nyumba.

## Wenyeji wa ukuta

Ateri ina matabaka matatu. La ndani limetandikwa seli bapa, safu moja tu, unene wa seli moja. Hizo ndizo zinazogusana na damu usiku na mchana, na zinahisi mwendo wake: damu ikipita sawasawa zinajipanga kuelekea inakokwenda, na zinatoa gesi ya naitriki oksaidi inayouambia mshipa ulegee. Robert Furchgott alionyesha mwaka 1980 kwamba mshipa ukikwanguliwa seli hizo haulegei tena unavyotakiwa. Mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Penye kona na penye njia panda za mishipa, ambapo damu inajizungusha badala ya kupita moja kwa moja, seli hizo huchanganyikiwa, na ndipo vivimbe vya mafuta hupenda kuanzia.

Tabaka la kati ni la seli za misuli laini, zimezunguka mshipa pamoja na nyuzi zinazovutika. Moyo ukisukuma, nyuzi zinatanuka. Moyo ukipumzika, zinajirudi na kuisogeza damu mbele. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Nyuzi hizo mwili huzitengeneza hasa utotoni na ujanani, kisha hutumia hizohizo mpaka uzeeni. Zikichoka na kukatika, au chokaa ikijipachika juu yake, ateri kubwa haitanuki tena vizuri, ndiyo maana wazee wengi wenye presha namba yao ya juu hupanda huku ya chini ikibaki palepale au kushuka.

Lakini seli ya misuli laini ndiyo iliyonishangaza.

Seli ya moyo ikishakuwa ya moyo, imemaliza. Itapiga mpaka ife. Seli ya misuli ya mshipa haikufungwa hivyo. Mshipa ukijeruhiwa, ina uwezo wa kuacha kazi ya kubana na kulegea, ikaanza kugawanyika, ikahama, ikatengeneza nyuzi za kovu, halafu mambo yakitulia ikarudi kazini. Bila uwezo huo jeraha la ateri lisingepona. Na ni uwezo huohuo unaoipeleka pabaya. Ikikaa miaka kwenye sukari nyingi, fosfeti nyingi, presha na mafuta yaliyoharibika, inaweza kuwasha jeni iitwayo Runx2, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuongoza ujenzi wa mifupa. Inaanza kutoa protini za mfupa. Inatema vifuko vidogo mno ambamo chembe za kwanza za madini huundwa.

Kwa maneno mengine, mjomba hakuwa na uchafu mguuni. Alikuwa na ujenzi.

Hili halikuanza kusemwa jana. Rudolf Virchow, Mjerumani aliyetufundisha kutafuta ugonjwa ndani ya seli, aliona katikati ya karne ya 19 kwamba kwenye baadhi ya ateri kinachotokea ni kutengenezwa kwa mfupa kwelikweli, wala si chokaa kujirundikia tu. Wakati mwingine hukutwa mfupa kamili, wenye uboho ndani. Lakini kwa miongo mingi madaktari walilichukulia jambo hili kama uchakavu wa uzee usio na mtendaji. Mwaka 1993 ndipo kundi la Linda Demer, Los Angeles, lilipotangaza kwamba limekuta kwenye ateri za watu zilizoingia chokaa protini maalumu inayoamuru seli zitengeneze mfupa. Mwaka 2000 watafiti wa Seattle wakachukua seli za misuli ya ateri ya binadamu, wakazilea maabara kwenye majimaji yenye fosfeti nyingi, kiasi kinachofanana na cha damu ya mgonjwa wa figo. Seli zikaanza kuweka madini, na jeni za mfupa zikawaka.

Hakuna aliyezimwagia chokaa. Zilijenga zenyewe.

## Mguu wenye presha kuliko mkono

Kliniki ya sukari walimpima mjomba kipimo ambacho sikuwa nimekiona: presha ya mkononi, halafu presha ya kifundoni, kisha wanagawanya ya kifundo kwa ya mkono. Kwa mtu mzima wa afya jibu huwa kama 1 na kidogo. Likishuka chini ya 0.9, damu haifiki mguuni vizuri.

La mjomba lilivuka 1.4.

Alifurahi waziwazi. "Mpwa, unaona? Mguu wangu una nguvu kuliko mkono."

Nesi, dada mmoja mpole ambaye nadhani amelisikia hilo mara nyingi, aliufungua ule mpira wa kupimia akamwekea mapajani. "Mzee, mpira huu unafanya kazi kwa kuubana mshipa mpaka damu isimame. Wako haubaniki. Nimejaza hewa, nimejaza, na damu bado inapita. Namba hii haitwambii damu inafikaje mguuni. Inatwambia ukuta ni mgumu."

Nilimwona mjomba anaubonyeza mpira kwa kidole gumba, anauachia, anaubonyeza tena.

Hapo ndipo jambo hili liliponiogopesha. Ningeelewa kipimo kibaya kutoa namba mbaya. Hiki kilitoa namba inayompendeza mgonjwa, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kwa watu kama yeye hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, kwa kuwa mishipa midogo ya vidole mara nyingi haijakakamaa kiasi hicho. Kama una mzee wa sukari nyumbani na ameambiwa namba ya kifundo ni kubwa, uliza maana yake kabla ya kushangilia.

## Kwa nini sisi wengine hatujawa mawe

Nilirudi kwenye shtaka la dagaa, kwa sababu nyumbani lilikuwa halijaisha. Mke wa mjomba alikuwa ameanza kumpikia maharage kila siku, na mzee alikuwa anayala kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Kilichonipindua ni kusoma kwamba damu ya kila mmoja wetu, mgonjwa na mzima, ina kalsiamu na fosfeti za kutosha kuanza kuganda kuwa madini mahali popote panapoziruhusu. Mwili unalinda kiwango cha kalsiamu ya damu kwa ukali. Ukila kidogo huazima mifupani, ukila nyingi hutoa kwenye mkojo. Basi swali la "kalsiamu imetoka wapi" halina uzito sana. Ipo, siku zote ipo. La kuuliza ni nani anayeizuia isigande.

Jibu moja lilipatikana mwaka 1997, kwenye panya. Kundi la Gérard Karsenty, Marekani, liliwazalisha panya wasio na jeni ya protini moja inayofupishwa MGP. Walizaliwa wakionekana wazima. Ndani ya miezi miwili walikufa: ateri zao ziligeuka chokaa tupu, zikapasuka. Hawakulishwa chochote cha ajabu. Waliondolewa kizuizi kimoja tu.

Na MGP inatengenezwa na nani? Na seli zilezile za misuli laini za ukuta wa mshipa.

Mwaka 2004 wakaenda mbali zaidi. Walipoirudisha jeni hiyo kwenye seli za misuli ya mshipa, ateri zilipona. Walipoiweka kwenye ini, damu ikajaa MGP tele, lakini ateri ziliendelea kuwa chokaa. Ulinzi ulitakiwa utoke palepale ukutani. Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Seli ambayo inaweza kujenga mfupa mahali pasipotakiwa ndiyo iliyokuwa inazuia mfupa usijengwe hapo, kila siku ya maisha ya mtu, na hakuna aliyeishukuru kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Ugumu wa mshipa basi una pande mbili: seli inaacha kulinda, na seli inaanza kujenga.

Dagaa walirudi mezani kwa mjomba kwa hoja hiyo. Sisemi kila mtu ale atakavyo. Mgonjwa wa figo ana habari tofauti kabisa, kwake fosfeti ya chakula ni jambo zito, na kuhusu dagaa, soda nyeusi na vyakula vya viwandani azungumze na daktari wake. Figo za mjomba zimepimwa, ziko vizuri.

Kuna kitu cha pembeni hapa. MGP haifanyi kazi bila vitamini K, na majani ya kijani yamejaa vitamini hiyo. Matembele, mchicha, kisamvu, mgagani. Nilifurahi kwa siku nzima nikiona nimepata dawa bustanini. Halafu nikasoma kwamba majaribio kadhaa ya kuwapa watu vidonge vya vitamini K ili kuzuia chokaa hayakuleta faida iliyotarajiwa. Kula mboga, ni chakula kizuri. Lakini mtu akikuuzia kopo la vitamini K akikuahidi kusafisha mishipa, funga pochi. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe chochote kwa kusoma blogu: dawa hiyo hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K, imeokoa watu wengi, na mabadiliko yake ni ya daktari.

## Ukoo wa seli moja

Mpaka hapo nilikuwa nimeshawishika kuhusu ugumu wa tabaka la kati. Nilidhani vile vivimbe vya mafuta, vinavyoleta mshtuko wa moyo na kiharusi, ni hadithi nyingine ambamo ukuta ni mhanga tu. Kolesteroli inapenya, seli nyeupe za damu zinaingia kuimeza, zinashiba zinakufa, uvimbe unakua. Yote hayo ni kweli. Kuna mkono mwingine.

Mwaka 1973 Earl Benditt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alitumia ujanja ambao mtu wa kanda hii ataupenda, kwa sababu unatumia jeni tunayoisikia kwenye habari za malaria: G6PD. Jeni hiyo, inayotoa kimeng'enya chenye jina hilohilo, iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, lakini kila seli yake hutumia moja na kuizima nyingine. Baadhi ya wanawake Wamarekani weusi wana aina mbili za kimeng'enya hicho, A kwenye X moja na B kwenye nyingine, kwa hiyo kipande chochote cha nyama yao huwa mchanganyiko wa seli za A na seli za B. Benditt alipima sehemu za ukuta zisizo na kivimbe kwenye ateri za wanawake wa namna hiyo waliofariki: mchanganyiko, kama alivyotarajia. Akapima vivimbe. Vingi vilikuwa vya aina moja tu, A tupu au B tupu.

Maana yake ni kwamba seli nyingi za kivimbe zingeweza kuwa uzao wa seli moja. Benditt akathubutu kusema kivimbe cha ateri kinafanana na uvimbe usio wa saratani, unaotokana na seli moja ya misuli iliyoanza kuzaana.

Wengi hawakumfuata. Chuoni hapohapo Russell Ross alikuwa na hoja iliyokubalika zaidi: utando wa ndani hujeruhiwa, na seli za misuli hupanda kuja kuziba jeraha. Nami nadhani hoja hizo mbili hazikuwa na sababu ya kugombana kiasi kile. Miongo minne baadaye, watafiti waliweza kuzitia seli za misuli za panya rangi tofautitofauti, kila seli na rangi yake ambayo watoto wake wanairithi. Panya walipopata vivimbe, rangi zilikuwa chache. Seli chache sana zilikuwa zimezaa ukoo mzima uliojaza kivimbe.

Jambo lililochelewesha uelewa huu linanisumbua mpaka leo. Kwa miaka mingi seli zilitambuliwa kwa protini zilizobeba. Yenye protini za kubana ni ya misuli. Yenye alama za seli nyeupe ni seli nyeupe. Lakini seli ya misuli ikiacha kazi yake, inaacha na alama zake, na ikimeza mafuta inaweza kuvaa alama za seli nyeupe. Kundi la Gary Owens, Virginia, lilionyesha mwaka 2015 kwamba kwenye vivimbe vya panya, zaidi ya asilimia 80 ya seli zilizotokana na misuli laini zisingetambuliwa kwa vipimo vya kawaida. Na kwenye ateri za moyo za binadamu, utafiti wa mwaka 2014 kutoka Canada ulikadiria kwamba takriban nusu ya seli zilizojaa mafuta zilikuwa na asili ya misuli laini.

Kwa hiyo hata kwenye kesi ya mafuta, wenyeji wa ukuta walikuwepo tangu mwanzo, wakihesabiwa kama wageni.

## Hapa nilisitasita

Ukifika hapa unajisikia umempata adui. Zuia seli zisibadilike, basi.

Haiendi hivyo. Kivimbe cha mafuta kina kifuniko cha nyuzi ngumu kinachokitenganisha na damu, na wanaokitengeneza ni seli zilezile zilizoacha kazi ya kubana. Kifuniko kikiwa imara mtu anaweza kuishi na kivimbe chake mpaka uzeeni. Kikiwa chembamba kinapasuka, damu inaganda juu yake, na hapo ndipo mtu anaanguka sokoni. Kundi la Owens lilipoondoa jeni iitwayo KLF4 kwenye seli za misuli za panya, vivimbe vilipungua na kuwa imara. Walipoondoa jeni nyingine, OCT4, ambayo nayo inahusika na kubadilika kwa seli, mambo yakawa mabaya zaidi: vivimbe vikakua, vifuniko vikadhoofu. Kubadilika kwenyewe si kosa. Inategemea seli imebadilika kuwa nini.

Chokaa nayo ina utata wake. Punje ndogondogo zilizotawanyika kwenye kifuniko zinaweza kukidhoofisha kifuniko hicho, kwa sababu kinapovutwa mvuto unajikusanya pembeni mwa punje. Bonge kubwa lililotulia halina tabia hiyo. Nisingependa mtu aone neno chokaa kwenye majibu yake na kudhani kila chokaa ni ileile.

Na kwa wanaopenda kusema haya ni magonjwa ya kisasa ya chipsi mayai: mwaka 2013 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya kuwapitisha kwenye mashine ya CT mumia (maiti za kale zilizohifadhiwa) 137 kutoka Misri, Peru, kusini-magharibi mwa Marekani na visiwa vya Aleutian. Theluthi moja hivi, asilimia 34, walikuwa na dalili za ugonjwa wa ateri, hata miongoni mwa waliokuwa wawindaji. Chokaa yao ilikuwa bado inaonekana. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 Watsimane wa misitu ya Bolivia, watu wazima 705, walipimwa, na asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote kwenye ateri za moyo, ingawa wanaishi na minyoo na maambukizi mengi. Wanatembea kutwa, na kolesteroli yao iko chini. Hatari ni ya binadamu wote. Kasi yake ndiyo inayotofautiana, na kwenye kasi ndiko sukari, presha, sigara na kolesteroli vinakoingilia.

## Dawa ya jioni

Mpaka sasa hakuna dawa ya kuiondoa chokaa iliyokwisha jengwa ukutani. Watu wako kazini. Mwaka 2019 watafiti wa King's College London na Cambridge walieleza molekuli iitwayo PAR, ambayo seli huitengeneza inapokarabati DNA iliyoharibika. Ikitoka nje ya seli inayokufa huvutia kalsiamu na kuipandikiza kwenye nyuzi za ukuta. Minosaiklini, antibiotiki ya siku nyingi ambayo hutibu hata chunusi, ilipunguza chokaa kwenye panya wenye ugonjwa wa figo kwa kuzuia hatua hiyo. Kwa panya. Tafadhali usikimbilie duka la dawa.

Mjomba ameandikiwa metfomini ya sukari, dawa ya presha, na kidonge cha kushusha kolesteroli cha jamii ya statini. Hicho cha mwisho nusura kianzishe kesi upya, kwa sababu nilimwambia ukweli kwamba statini hupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi, na kwamba picha za ateri za moyo za wanaozitumia mara nyingi huonyesha chokaa ikiongezeka.

Akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Mimi nina chokaa, mnanipa dawa ya kuongeza chokaa?"

Nikamweleza habari ya punje na bonge, kwamba kivimbe kinasinyaa mafuta yake na kilichobaki kinakuwa kigumu na kutulia, na hakipasuki ovyo. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayemuuzia gunia asilolifungua.

"Aliyeniandikia anajua hilo?"

"Anajua, mjomba. Nilimuuliza."

"Na yeye angekuwa na mguu huu angeinywa?"

Hilo nilikuwa sijamuuliza. Tukampigia simu pale pale, mjomba akaweka spika. Daktari alicheka, akasema anaimeza yeye mwenyewe kila usiku, presha na kolesteroli ni za ukoo wao.

Mjomba akamwomba mke wake maji.